Swali Nililokataa Kujibu

Aliyepokea mwito ni mume wangu, kwa sababu karakana yake iko mbele ya nyumba na kila anayetutafuta humpitia yeye kwanza. Yeye hutengeneza makochi. Huvua kitambaa kikuukuu, huweka sponji mpya, hushona, na kochi lililokuwa aibu ya sebule hurudi kwa mwenyewe kama bibi harusi. Asubuhi ile ya baridi, katikati ya kiangazi, ambacho kwetu ndicho chenye baridi, aliingia jikoni akiwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Mama ya batoto, banakuita."

"Nani ananiita?"

"Bale ba kupiganisha rushwa. Bale batoka Kinshasa, beko mu ile nyumba kubwa ya Karavia."

Niliisoma nikiwa nimesimama, mwiko mkononi. Ilinitaka nifike Jumatatu "kwa ajili ya kutoa maelezo" kuhusu mfereji wa Naviundu. Basi. Sikuambiwa maelezo gani, wala kama nilishukiwa jambo. Bukari, ugali wetu, ilianza kuungua chini, nikaiepua.

Mimi ni mhandisi. Nimefanya kazi ya barabara na mifereji tangu nilipomaliza chuo kikuu hapa hapa Lubumbashi, na sioni haya kusema kwamba naipenda. Napenda zege likiwa bichi, linapong'aa kama uji. Napenda kupita barabara fulani na kujua kilicho chini yake. Mfereji wa Naviundu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza niliisimamia mimi, ikajengwa vizuri, nikaipitisha. Ya pili ilikaguliwa na mwenzangu. Mvua zilipokuja, maji yakateremka vizuri hadi mwisho wa sehemu yangu, kisha yakaingia majumbani mwa watu, maana mbele yake palikuwa na kishimo tu kilichokwanguliwa kwa jembe. Mkandarasi alikuwa amekwisha kulipwa kazi yote. Watu wa mtaa wakalalamika, redio ikasema, na mwishowe wachunguzi wakapanda ndege.

Hadi hapo sikuwa na cha kuogopa. Kilichoniondolea usingizi ni mama yangu.

Mama alifariki baada ya sehemu ya kwanza kwisha. Sisi asili yetu ni Maniema, Waislamu wa siku nyingi hapa mjini, na kilio chetu hakina siri: turubai linafungwa uani, viti vinakodiwa, sufuria kubwa zinaazimwa kwa majirani, na kila anayemfahamu yeyote katika ukoo anakuja na chochote. Siku ya pili, nikiwa chumbani pamoja na shangazi zangu, gari lilisimama mlangoni likashusha magunia ya unga na mbuzi. Mume wangu akapokea, akashukuru, akaandika shukrani moyoni kama desturi. Baada ya kilio ndipo aliponiambia vilitoka kwa nani. Vilitoka kwa mkandarasi wa Naviundu.

Unga ulikuwa umekwisha kuliwa. Mbuzi ndiyo usiseme. Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikamwambia, "Yule muntu alitusaidia kwa kilio ya mama. Sehemu ya pili, unipe ruhusa nisiikague mimi. Umupatie mwingine."

Alicheka. "Mama, kama ni hivyo, mu muji huu hakuna atakayefanya kazi. Wote tunakula bilio bya benzetu."

Hata hivyo alikubali, na mwenzangu akapewa. Hakuna aliyeandika neno. Yalikuwa mazungumzo ya mlangoni, yeye ana funguo za gari mkononi.

Sasa nilipokuwa nikiligeuzageuza jambo hilo kitandani, niliona kwamba hata wema wangu ungeweza kusomwa kinyume. Kama zawadi ile haikuwa kitu, kwa nini nilijitoa? Na kama ilikuwa kitu, kwa nini niliila? Nilijisikia kama mtu aliyefua shuka lake vizuri, kisha akaulizwa lilikuwa na doa gani.

Nina rafiki ambaye ni wakili. Tulikaa dawati moja tangu sekondari. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa, baba yake alikuwa akiuza vitambaa na kumlazimisha kusoma magazeti kwa sauti. Mahakamani wanamwita Maître, kama wanavyoitwa mawakili wote. Mimi humwita yaya, neno letu la ndugu mkubwa, kwa kuwa amenizidi miezi michache na hajawahi kuniruhusu nisahau. Alikuja Jumamosi, akavua viatu, akakaa juu ya kochi la mteja lililokuwa linasubiri kitambaa, akasoma mwito mara mbili.

"Haya maneno, 'kutoa maelezo', hayana rangi," alisema. "Ndiyo mambo ya kwanza utauliza. Kabla ya kusema hata jina ya mutaa yako, uulize: niko hapa sawa nani? Shahidi, ao mushukiwa?"

"Tofauti iko nini? Mimi sikuiba."

"Tofauti iko kubwa. Shahidi analazimika kujibu. Mushukiwa, hapana. Hakuna anayeweza kumulazimisha muntu ajifunge yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Sasa bao banapenda njia ya katikati. Unaingia sawa shahidi, unajibu yote juu unalazimika, kisha jioni banakuambia umekuwa mushukiwa, na maneno yako iko tayari kwa karatasi."

Nilikasirika kidogo. Nilimwambia kunyamaza ni kazi ya wezi. Mimi nilitaka kwenda, niseme ukweli wote, nirudi nyumbani kula.

Hakunijibu kwa hasira. Aliuliza tu, "Bakikuuliza: ulipokea kitu kwa yule mukandarasi, ndiyo ao hapana? Utajibu nini?"

Nikafungua mdomo. "Hapana" ungekuwa uongo. "Ndiyo" ungekuwa kweli, lakini kweli iliyokatwa kichwa na miguu.

"Unaona," alisema yaya. "Ukisema ndiyo, bataandika ndiyo. Mama yako, habatamwandika."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na tepu yake ya kupimia shingoni. Aliivua, akaikunja, akaikunjua tena.

Jumatatu mimi na yaya tulikwenda Karavia. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na bado ilinuka starehe za watu: bougainvillea ukutani, bwawa la kuogelea lisilo na maji, majani makavu chini yake. Tulisubiri barazani mpaka jua likapanda. Kisha tukaitwa katika chumba kilichokuwa sebule, na palizuka ubishi wa kwanza. Karani alisema wakili abaki nje. Yaya akasema kwa Kifaransa chake cha mahakamani kwamba katiba haikusema abaki nje. Walirushiana maneno kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake mheshimiwa, mpaka mkuu wa wachunguzi akapunga mkono: aingie, akae nyuma.

Huyo mkuu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mafua. Baridi ya kwetu ilikuwa imemshika. Alivaa sweta chini ya koti na kila mara aliomba radhi kabla ya kupenga kamasi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na simba, na hapo mbele yangu alikaa mtu anayehitaji chai ya tangawizi. Nilijikumbusha kwamba mafua hayamfanyi mtu kuwa mpole.

Tulizungumza Kifaransa. Aliniomba majina yangu yote. Nikasema, "Kabla ya hayo, naomba kujua nimeitwa kama nani. Kama shahidi au kama mshukiwa?"

Karani aliinua uso. Mkuu alitabasamu. "Mama, umeitwa kutusaidia."

"Nitafurahi kusaidia. Lakini kama nani?"

"Kama mtoa maelezo."

"Mtoa maelezo analazimika kujibu?"

Alitazama nyuma yangu, kwa yaya, kama mtu anayemtafuta aliyemfundisha mtoto tusi. "Tuanze," alisema, "halafu tutaona."

Tulianza. Na ukweli ni kwamba saa ile ya kwanza niliifurahia. Aliuliza mfereji unajengwaje, na mimi sijawahi kuulizwa hilo na mtu aliyelazimika kusikiliza. Nilimchorea. Nilimweleza kwa nini sehemu ya kwanza ilihitaji mteremko ule, kwa nini udongo wa Naviundu unateleza ukishiba maji, na zege linapaswa kulindwa vipi dhidi ya jua. Yule karani aliandika mpaka akabadili kalamu. Nilisema wazi kwamba sehemu ya pili sikuikagua, na kwamba nilipoiona baada ya mvua haikuwa kazi iliyokamilika. Hayo yote nilijibu bila kusita, maana yalikuwa kazi yangu na niliyajua.

Kisha akapenga kamasi, akaomba radhi, akauliza kwa sauti ileile, "Mama, umewahi kupokea kitu chochote kutoka kwa mkandarasi huyu?"

"Naomba kueleza."

"Utaeleza baadaye. Kwanza ndiyo au hapana."

Nilikumbuka uso wa mama, si wa ugonjwa, wa siku za sokoni. Nikasema, "Hamjaniambia kama nashukiwa. Mkiniambia nashukiwa, na nashukiwa nini, tutazungumza. Kwa sasa swali hilo sitalijibu."

Mkuu aliweka kitambaa chake mezani. "Mama, unajua mtu akikataa kujibu sisi tunaelewa nini?"

"Mnaweza kuelewa mnavyotaka. Naomba iandikwe nilivyosema."

"Mtu asiye na kosa hujibu."

Yaya alisema kutoka nyuma, polepole, "Mtu asiye na kosa ndiye sheria hii iliwekwa kwa ajili yake, mheshimiwa. Mwenye kosa ana njia nyingine nyingi."

Mkuu hakupenda. Aliuliza swali lile tena, na tena, kwa maneno mengine; aliuliza kama mume wangu alipokea, kama ndugu zangu walipokea. Kila mara nilirudia sentensi yangu, na kila mara ilinitoka nyepesi zaidi. Jambo hilo lilinishangaza. Nilidhani kunyamaza kungenielemea. Kumbe kilichokuwa kinanielemea ni kule kutaka anipende.

Tuliposomewa maandishi ili nitie sahihi, karani alikuwa ameandika: "Alikataa kujibu kwa kuogopa."

"Sikusema naogopa," nilisema.

"Lakini ilionekana," alijibu karani.

"Basi andika kwamba wewe uliona. Sahihi ni yangu, na mimi sikusema."

Karani alimtazama mkuu. Mkuu alitazama dirisha, kisha akaitikia kidogo kwa kichwa, na maneno yale yakafutwa. Nilitia sahihi. Nikaambiwa niende, nitaitwa tena, nisitoke mjini.

Majuma yaliyofuata hayakuwa mazuri, na sitasema yalikuwa mazuri. Habari zilifika kazini kabla yangu. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukinywa chai pamoja akawa na kazi nyingi kila saa ya chai. Mkuu wangu alinisalimu kama mtu anayesalimia kutoka ndani ya gari. Nyumbani, mume wangu alivumilia kwa siku chache, kisha tukiwa tunakula, bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, akaacha tonge mkononi.

"Ungalisema tu," alisema. "Juu ya nini unyamaze? Bantu banasema: ule mama alinyamaza, njo kusema alikula."

"Tulikula kweli. Na wewe ulikula. Ulichukua mguu."

"Ni kilio! Kwa kilio bantu banakula!"

"Sasa hayo ndiyo nilikuwa nataka kusema, na balinikatalia. Balitaka neno moja."

Alifikiri. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niweke chini kikombe. "Ni mimi nilipokea. Kesho minakwenda Karavia, minagonga mulango, minabaambia: iko mimi, munifunge mimi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nilimwona amesimama mbele ya bwawa lisilo na maji, tepu shingoni, akidai kufungwa. Yeye hakucheka. Alikuwa anamaanisha, na nilipoona hivyo nami nikaacha kucheka. Nilimwomba asiende, akaahidi asingeenda bila yaya kujua. Usiku huo hatukulizungumza tena, lakini alisogeza blanketi upande wangu likawa karibu lote kwangu, naye huona baridi kuliko mimi.

Mwito wa pili ulikuja miti ilipoanza kuchipua. Huo ulikuwa na rangi. Ulisema kwamba nashukiwa kupokea kitu kutoka kwa mkandarasi ili nimpendelee katika kazi yake, na kwamba nilikuwa na haki ya kuja na mtetezi. Nilimpigia yaya simu, na yeye, naapa, alipiga kelele za furaha.

"Sasa tunajua!" alisema. "Sasa hata ukinyamaza kabisa, hakuna wa kukufanya kitu."

"Nitasema," nilimwambia.

Aliacha kushangilia, akauliza, "Una hakika?"

Nilikuwa na hakika. Ni vigumu kulieleza, lakini mlango ule wa kunyamaza ulipofunguliwa kabisa, nikaona sina haja ya kuupita. Mara ya kwanza walitaka kuninyang'anya neno. Sasa lilikuwa langu, na changu naweza kumpa mtu.

Mkuu wa wachunguzi alikuwa amepona. Alinisomea ninachoshukiwa, akaniambia, akitazama karatasi, kwamba silazimiki kusema lolote. Nikamshukuru. Nikasema, "Nitaeleza, ila nitaanzia ninapotaka mimi."

"Anza, mama."

Nilianzia kwa mama yangu. Nilimweleza alivyougua, siku aliyozikwa, turubai, shangazi zangu, jinsi mtu aliyefiwa hahesabu nani ameleta nini. Nilimweleza magunia na mbuzi. Nilimweleza nilipojua, na kwamba nilikwenda kwa mkuu wangu nikaomba nisiikague sehemu ya pili. Nilimwambia sehemu ya kwanza nilikwisha kuipitisha kabla mama hajafa, na kwamba anaweza kuichimba popote apendapo. Nitakuja na nyundo yangu mwenyewe kumsaidia.

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, na sikutegemea swali hilo, "Mama yako alizikwa siku ileile?"

"Ndiyo. Kwetu ndivyo."

"Mimi wa kwangu nilimkuta amekwisha kuzikwa," alisema. "Ndege ilichelewa." Kisha akamgeukia karani. "Usiandike hilo."

Walimwita mkuu wangu wa kazi. Niliogopa huyo kuliko wote, maana mtu anayeulizwa na watu wa Karavia husahau mengi. Hakusahau. Aliniambia baadaye, ameegemea gari lake, kwamba alitamani sana kusahau, akashindwa, kwa sababu alikumbuka hata alivyocheka.

Wa mwisho kuitwa kwa upande wetu alikuwa mume wangu, na yeye aliitwa kama shahidi, iliandikwa hivyo waziwazi, neno shahidi. Alivaa suti ya harusi ya binti yetu. Mimi na yaya tulimsubiri barazani. Tulimsikia. Nyumba nzima ilimsikia. Alianza na jinsi gari lilivyoingia kinyumenyume, akaenda kwenye rangi ya mbuzi, akapita kwenye ubora wa unga, ambao kwa maoni yake ulikuwa umesagwa vibaya, akarudi kwa mbuzi. Mara mbili tulisikia sauti ya mkuu ikisema, "Inatosha, papa," na mara mbili tulisikia, "Nimalizie kwanza, mukubwa. Niliapa kusema yote."

Yaya alificha uso katika mkoba wake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Walipotoka, mkuu mwenyewe alimsindikiza hadi mlangoni, uso umechoka kama wa mtu aliyesafiri kwa gari kutoka Sakania kule mpakani. Alinipa mkono. Alisema faili yangu itafungwa, na kwamba ya wengine inaendelea. Hakuwataja, nami sikuuliza. Mpaka leo kesi ile iko mahakamani, inaahirishwa na kuahirishwa, na mwenzangu aliyekagua sehemu ya pili anakwenda na wakili wake. Siku moja alinipigia simu, baada ya kimya kirefu, akaniuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kukataa swali. Nilimwambia ni kweli. Nilimpa pia namba ya yaya. Sijui alikula au hakula. Hilo litasemwa na mahakama. Lakini nilitaka aulizwe kama nilivyotaka kuulizwa mimi.

Siku ile tulipotoka Karavia hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Ilikuwa saa za mchana, na karibu na ile nyumba kuna mahali wanachoma nyama chini ya miti ya jacaranda. Mume wangu alisema shahidi naye ana njaa. Tuliagiza mbuzi, kisha tukatazamana sote watatu, na yaya akamwita mhudumu akabadilisha, akaomba kuku.

Tulikula kwa mikono. Mume wangu alilegeza tai, akaanza kutusimulia ushahidi wake upya, kama vile hatukuusikia, na safari hii gari liliingia kwa mbele. "Njo uongo huo," yaya akamwambia, "uliapa." Akasema kiapo kiliishia ndani ya ile nyumba. Jua lilikuwa zuri, na kwenye meza jirani familia fulani ilikuwa inaimbia siku ya kuzaliwa ya bibi yao. Tulipiga makofi pamoja nao, na bibi akatutumia vipande vya keki.